Namba za Sanduku la Mkunga

Nina hasira za karibu. Nalisema mapema ili nisije nikaambiwa nimelificha. Nimekaa mbele ya kibodi miaka kumi na tisa nikiwachapia watu barua, risala na orodha za wanafunzi, na katika miaka hiyo nimeshazipiga makofi kompyuta tatu. Lakini hakuna kazi iliyonichemsha damu kama daftari la mjomba wangu.

Mjomba ni fundi kufuli. Mtaa mzima unamwita Komeo, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu akiamua kunyamaza hakuna wa kumfungua mdomo. Kila ufunguo aliowahi kuchonga aliuandika kwenye daftari moja nene lenye jalada la turubai, mstari mmoja kwa ufunguo mmoja: kufuli lenyewe, jina la mwenyewe, halafu namba tano. Hizo namba tano ndizo roho ya ufunguo. Kila moja inasema jino likatwe kina gani, ukianzia begani, pale karibu na kishikio, ukienda hadi nchani. Ukiwa nazo huna haja ya kuuona ufunguo uliopotea. Unachukua ufunguo mtupu ambao haujachongwa, unaubana kwenye jiliwa la mashine, unakata.

Maneno yote aliyaandika kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, kama alivyofundishwa utotoni. Namba nazo alizipanga kwa safari hiyo hiyo: ya kwanza inafuata jina, ya mwisho iko kushoto kabisa. Mimi herufi zile alinifundisha yeye nilipokuwa mdogo, kwa kuniandikia kila siku jina la mdudu mmoja na kunitaka nikamtafute uani. Binti yake wa kumzaa hakuzitaka. Alitaka chuma.

Huyo binti tunamwita Tupa, kwa ile tupa ndogo ya kusugulia chuma anayotembea nayo mfukoni hata akienda kumwamkia mgonjwa. Ulimi wake nao una kazi hiyo hiyo. Ana miaka thelathini na mmoja, na kumi na miwili kati ya hiyo ameimaliza kwenye kile chumba cha Mjomba chenye mlango mmoja, benchi moja na misumari mia nne ukutani inayoning'iniza funguo.

Mwaka juzi macho ya Mjomba yakaanza kuzimika. Kwanza alipoteza sindano, kisha namba za daftari, kisha nyuso. Muuza simu wa chumba cha pili akaanza kupita kila wiki kuuliza, kwa adabu iliyozidi kiasi, kama Mzee ameshafikiria kupumzika. Mjomba akatuita mimi na Tupa, akatukalisha kwenye benchi.

"Mpwa wangu," akaniambia, "hili daftari litie kwenye kompyuta. Usibadilishe maandishi yangu. Majina ya watu tu, hayo uyaweke kwa herufi za shuleni anazozijua huyu, aweze kuwatafuta."

Kisha akamgeukia Tupa. "Na wewe, siku ikija kazi ngumu utaifanya kwa kitabu hicho peke yake. Mimi nitakaa hapa hapa. Sigusi, na neno la kufuli sisemi. Ukifungua, duka lako. Usipofungua, chumba nampa jirani, mashine nauza, na wewe utafute kazi nyingine mapema ungali na nguvu. Siwezi kumwachia mtu funguo za mtaa mzima kwa kubahatisha."

Tupa alitoa tupa yake mfukoni akaanza kusugua ukucha, jambo analolifanya akiogopa.

Nikaanza kuandika. Kwa wiki tatu kazi ilikwenda vizuri hata nikajisifu. Naandika maneno, yanatiririka kuelekea kushoto. Naandika namba zikiwa na nafasi katikati, nazo zinafuata nyuma moja moja kuelekea kushoto. Nikiweka daftari pembeni ya skrini, mstari wa huku na mstari wa kule ni pacha.

Balaa lilianza kwenye majina. Nilirudi mwanzo wa kitabu ili nibadilishe jina moja moja, na hapo kompyuta ikapandwa na mashetani. Navuta kipanya kuchagua kipande kimoja cha mstari, kuanzia neno la katikati hadi namba ya pili. Rangi ya buluu inawaka sehemu mbili, huku kidogo na kule kidogo, katikati pengo jeupe. Nimeshika kitu kimoja, naonyeshwa vitu viwili! Naweka kale kamstari kanakopepesa, kanakoonyesha herufi itaingia wapi, mwishoni mwa neno la Kiarabu. Naandika herufi moja ya jina, inachomoza mbali huko kushoto, upande wa pili wa namba. Nilitukana kwa lugha ambayo sitaiandika hapa. Na kibaya zaidi, kila nilipomaliza kuandika jina, zile namba tano zilijigeuza. Ya mwanzo inakuwa ya mwisho, ya mwisho inakuwa ya mwanzo.

Nikasema, hunijui wewe. Nikafungua daftari, nikatazama namba zilivyokaa kwenye karatasi, nikazifuta zile zilizojigeuza na kuziandika upya mpaka skrini ikafanana na daftari. Mstari baada ya mstari. Si yote, maana kuna siku nilichoka nikaacha kulinganisha, lakini mingi. Nilijiona shujaa. Nikamchapia Tupa kitabu kizima kwenye karatasi, nikakishona kwa uzi mwekundu.

*

Mkunga alikuja asubuhi ya Jumanne, nyuma ya mkokoteni uliobeba sanduku la chuma la ukubwa wa mbuzi aliyelala. Ni mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha. Nusu ya mtaa ameipokea yeye kwa mikono yake, mimi nikiwemo.

"Shikamoo Mama Mkunga."

"Marahaba, wanangu. Mwenzenu nimeumbuka. Ufunguo umetumbukia chooni. Msinicheke."

Tupa alicheka. Mkunga akamtazama mpaka kicheko kikakauka.

"Ndani kuna nini, Mama?" nikauliza. Mimi kitu kilichofungwa hakinipi usingizi.

"Watoto," akasema. "Watoto elfu mbili na mia sita. Kila niliyemzalisha nimemwandika: siku, saa, uzito, jina la mama. Kesho asubuhi zahanati inakuja kuyachukua madaftari, maana nimestaafu. Walisema watalikata sanduku kwa mashine. Nikawauliza, na cheche zikiingia kwenye karatasi? Huyo mtoto aliyeungua nitamzaa tena mimi?"

Mjomba alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, mikono juu ya magoti. "Hilo sanduku kufuli lake nililiweka mimi," akasema. "Funguo tupu za aina hiyo zimebaki mbili, ziko kwenye kopo la kahawia. Kiwanda chake kilishafungwa." Akageuza uso upande wa benchi. "Tupa. Kazi yenyewe ndiyo hii."

Nikashika ukingo wa benchi kama mimi ndiye nitakayechonga.

Tupa akafungua kitabu changu chenye uzi mwekundu. Akapitisha kidole kwenye majina, akampata mkunga ukurasa wa tisa. Akazisoma namba kimoyomoyo, midomo ikicheza, akazinakili kwa chaki ubaoni: mbili, tano, tatu, moja, nne. Akaubana ufunguo wa kwanza kwenye jiliwa. Alifanya kazi taratibu, akipima kila jino mara mbili, akipuliza vumbi la shaba. Mkunga alisimama akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Mjomba alikuwa ameinamisha sikio moja upande wa mashine.

Ufunguo ukaingia kwenye kufuli bila shida. Haukugeuka.

Tupa akaujaribu tena, kwa upole, kisha kwa nguvu kidogo. Akauchomoa, akasugua pembe za meno kwa tupa yake, akaurudisha. Wapi! Vidole vya Mjomba vilinyanyuka magotini.

"Nimechonga kama ilivyoandikwa," Tupa akasema, akinionyesha ubao.

"Basi umekosea kupima," nikamwambia.

"Nimepima mara mbili."

"Ungepima mara tatu."

"Dada, hicho kitabu umekiandika wewe."

"Nimekiandika sawasawa na daftari! Unataka nikuonyeshe?"

"Nionyeshe!"

Mkunga akatuambia tunyamaze wote wawili, kwamba amezoea kelele za watu wenye uchungu wa kweli. Nikafungua kompyuta yangu ndogo juu ya benchi kwa kishindo. Nikafungua daftari la turubai pembeni yake. Nikautafuta mstari, nikaweka kidole kwenye karatasi na kidole kwenye skrini.

"Tazama. Huku mbili, tano, tatu, moja, nne. Huku mbili, tano, tatu, moja, nne. Una macho au una vifungo?"

Tupa akainama akatazama. Zilifanana. Nikamwona anavyofifia, yule ndugu yangu mwenye ulimi wa chuma, anaangalia benchi alilolifanyia kazi miaka kumi na miwili kana kwamba limeshauzwa. Ningepaswa kufurahi kwa kuwa nimeshinda. Sikufurahi hata kidogo.

"Mwonyeshe tena, polepole," Mjomba akasema kutoka mlangoni.

"Mjomba, ulisema hutasema."

"Neno la kufuli sisemi. Hiyo ni kompyuta. Kompyuta siijui, naruhusiwa kuuliza. Hako kamstari ulikokuwa unakatukana wiki zote zile, kako wapi?"

Nikakapeleka mwanzo kabisa wa mstari, kulia. Nikaanza kubonyeza kitufe cha mshale, bonyezo moja kwa herufi moja, huku nikimsimulia kwa kuwa haoni.

"Sasa kanakwenda kushoto. Kamepita 'sanduku'. Kamepita 'chuma'. Sasa…" Nikasogeza uso karibu na skrini.

"Sasa nini?"

"Kameruka."

"Kameruka wapi?"

"Mwisho kabisa, kushoto. Kamesimama kwenye herufi ya kwanza ya jina la mkunga, lile nililoliandika upya."

"Ulibadilisha kitufe?"

"Kile kile." Nikabonyeza tena. "Ajabu. Sasa kanarudi. Kanakwenda kulia."

"Kitufe kile kile?"

"Kile kile, Mjomba!"

Alicheka kicheko kifupi cha mtu aliyepewa kitendawili. Akavuta kiti chake karibu, kikakwaruza sakafu. "Kumbe hakafuati ukurasa," akasema. "Kanafuata mtu anavyosoma. Endelea. Kakimaliza jina kanakutana na nini kwanza?"

Nikabonyeza mara tano, sita. Kamstari kakapita jina, kakaruka nafasi, kakakutana na namba.

"Mbili," nikasema.

Nikatazama daftari. Nikayasoma maandishi ya Mjomba kwa kichwa cha mtoto aliyefundishwa uani, kutoka kulia: sanduku la chuma, mkunga, halafu namba inayofuata jina. Ile inayofuata jina haikuwa mbili. Ilikuwa nne.

Zilifanana kwa macho, lakini kwa kusoma zilikuwa zimepeana mgongo.

Mtu mwenye busara angesimama hapo. Mimi nilishanogewa. Nilitaka kujua ni kwa nini, na nilipotaka kujua nilisahau mkunga, sanduku, hata hasira. Nikalichagua lile jina la mkunga, nikaandika juu yake jina lile lile kwa herufi za Kiarabu. Namba zote tano zikageuka mbele ya macho yangu, puu, kama watu kwenye benchi waliosikia jina likiitwa upande wa pili. Nikalifuta, nikaandika kwa herufi za shuleni. Zikarudi. Nikafanya tena. Na tena. Tupa akaja akasimama nyuma yangu, pumzi yake shingoni mwangu.

"Hujazigusa namba," akasema.

"Sijazigusa."

"Zinageuka zenyewe?"

"Zinamfuata jirani yao! Tazama. Zikitanguliwa na jina linalokwenda kushoto, zinapangana kwenda kushoto. Zikitanguliwa na jina linalokwenda kulia, zinapangana kwenda kulia. Zenyewe hazina upande."

"Ila kwa ndani?" Mjomba akauliza. "Yaani ile nne, kompyuta inajua kuwa ndiyo ya kwanza?"

Nikafikiri. Nikaandika mstari mpya chini, herufi kwa herufi, kama mtu anavyoutamka: sanduku, chuma, jina, nne, moja, tatu, tano, mbili. Nikabadilisha jina huku na huku. Namba ziligeuka mara sita, lakini kila nilipotembeza kamstari, baada ya jina kalikutana na nne. Kila mara.

"Inajua," nikasema. "Ilikuwa inajua tangu mwanzo. Inaweka mambo kwa mpangilio ulioyasema. Kuonyesha ni kazi nyingine, inaonyesha kufuatana na msomaji anayekuja. Nilipobadilisha jina ilizigeuza ili mtu anayesoma kutoka kushoto, kama Tupa, aanze na ileile ya kwanza."

"Basi ilikuwa sahihi," Mjomba akasema.

Hapo ndipo niliposhika kichwa. Ilikuwa sahihi, halafu akaja shujaa mmoja mwenye uzi mwekundu akairekebisha.

Nitasema ukweli, kwa kuwa nimeahidi kutoficha. Kulikuwa na njia ya kuliepuka. Ningemwambia Tupa, jaribu kuzisoma kinyume, huenda kufuli ni la ajabu, naye angechonga, na sanduku lingefunguka, na kosa lingebaki la Tupa, au la kiwanda, au la mtu asiyekuwepo. Miaka kumi na tisa watu wananiletea maandishi yao kwa sababu sikosei. Hiyo ndiyo mali yangu yote. Nikatazama ule mkono wa Tupa ulioshika ufunguo ulioharibika, ukucha umesuguliwa mpaka kwenye nyama.

"Ni mimi," nikasema. "Kompyuta ilizipanga vizuri, nikadhani imekosea. Nikazipindua kwa mkono ili zifanane na daftari. Tupa amechonga kama nilivyoandika. Hakukosea hata unywele."

"Na mingine?" Tupa akauliza.

"Mingine pia. Sijui mingapi. Mingine niliipindua, mingine sikuigusa. Sikumbuki."

Mistari mia tatu na kumi na miwili. Milango ya watu, makabati ya watu, na mimi nimeichanganya yote kwa bidii na usafi mkubwa. Nililia. Sitaki kulizungumza sana hilo.

Mkunga akanipa leso kutoka kwenye mkoba wake. "Futa pua," akasema. "Kopo lina ufunguo mmoja bado. Mimi sikuja kuangalia msiba."

Tupa akautoa ufunguo wa mwisho kwenye kopo la kahawia. Akaubana kwenye jiliwa, akafuta ubao kwa kiganja, akasimama akiwa ameshika chaki. Kisha akaiweka chini.

"Usinionyeshe," akaniambia. "Nisomee."

Nikakapeleka kamstari mwanzo wa ule mstari mpya. Nikabonyeza, kakaenda kushoto, kakaruka, kakarudi. Nilipofika kwenye namba nilizisoma kwa sauti moja moja, na sikusoma inayofuata mpaka mashine iliponyamaza. Nne. Moja. Tatu. Tano. Mbili. Kati ya tatu na tano Tupa alifuta mikono kwenye suruali mara mbili. Mjomba alikuwa amefumba macho, ingawa kwake kufumba na kufumbua kumeshakuwa kitu kimoja.

Ufunguo ukaingia. Tupa akavuta pumzi, akageuza.

Ile sauti ya komeo kurudi ndani ya chuma nimeisikia tangu utotoni na sijawahi kuipenda kama siku ile. Mkunga akainua kifuniko. Madaftari yalikuwa yamepangwa wima, kila moja na mwaka wake, yakinuka karatasi ya zamani. Akachomoa moja bila kutafuta, akalifungua, akanitazama mimi kisha karatasi.

"Wewe ulikuja miguu mbele," akasema. "Nimeandika hapa. Sishangai chochote."

Tupa alicheka mpaka akakaa chini. Safari hii mkunga hakumkaripia.

Mjomba akanyoosha mkono. "Sasa nipeni ule mbovu."

Tupa akamwekea ufunguo wa kwanza kiganjani. Aliupitishia dole gumba mara moja tu, kutoka begani hadi nchani. "Huu umeanzia mwisho," akasema.

"Baba! Ungejua tangu mwanzo kama ungeugusa!"

"Ningejua. Ndiyo maana sikuugusa."

Tukamngoja aseme zaidi. Tukangoja neno lile la duka. Komeo akauweka ufunguo kwenye benchi, akaomba maji ya kunywa.

*

Kuupitia upya ule mchafuko kulituchukua siku nne. Tupa alikaa kwenye kompyuta akibonyeza mshale na kutaja namba kwa sauti kadiri kamstari kalivyozikuta; mimi nilishika daftari nikisoma kutoka kulia. Nikisema "sawa" anaendelea, nikisema "hapana" anafuta na kuandika upya ninavyomtajia, bila kujali skrini inaonekanaje. Mistari themanini na mmoja ilikuwa imepinduka. Siku ya tatu muuza simu alikuja na futi ya kupimia, akapima ukuta wa upande wa dirisha huku akitusalimia. Mjomba alimwacha apime. Tupa alikosea namba tatu mfululizo.

Siku ya nne, alasiri, tukamaliza. Mimi nikakaa kwenye kibodi kuhakiki majina kwa mara ya mwisho. Yote yalikuwa yameshabadilishwa kuwa herufi za Tupa, isipokuwa moja. Lilikuwa kwenye mstari wa kwanza kabisa wa daftari, wino wake umekuwa rangi ya chai: mlango wa duka, Komeo, tatu, tatu, moja, tano, mbili.

"Umebaki mstari mmoja," Mjomba akasema kabla sijafungua mdomo.

"Huo ni wako. Niliuacha makusudi. Wewe jina lako unalijua."

"Bado ni mstari wa kitabu. Uchague."

"Nichague nini?"

"Jina. Jina peke yake."

Nikavuta kipanya juu ya jina lake. Liliwaka buluu, kipande kimoja, bila pengo. Tupa alikuwa anafagia vumbi la shaba chini ya benchi. Nikasikia ufagio umesimama.

"Futa."

"Mjomba…"

"Mimi sioni, lakini nasikia kitufe. Sijakisikia."

Nikafuta. Jina la Komeo likatoka kwenye mstari, na mlango na namba zake tano vikasogeleana kuziba nafasi yake.

"Andika la huyu," akasema, akionyesha kwa kidevu mahali ufagio uliposimama, na alionyesha sawasawa kabisa.

Nikaandika, herufi nne. T ilipoingia tu namba zote tano zikageuka, tatu ya kwanza ikahama kutoka huku ikaenda kule, mbili ikaja mahali pa tatu. Mkono wangu wa kulia, kwa mazoea yake mabaya, ulinyanyuka wenyewe kwenda kuzirekebisha.

"Zimegeuka?" Mjomba akauliza.

"Zimegeuka."

"Ziache," akasema. "Zimemfuata mwenye duka."

Nikaurudisha mkono mapajani, nikaukalia.